Kereng'ende na Pepo za Kaskazi

Kila mwaka mvua za vuli zikianza kunyesha katika viunga vya Dar es Salaam, tangu Mbagala na Mtoni upande wa Temeke mpaka Mwananyamala na Kunduchi upande wa Kinondoni, huonekana jambo ambalo wengi wetu tumelizoea hata hatulitazami tena. Jioni, jua likielekea kutua, juu ya kiwanja cha mpira au juu ya njia yenye madimbwi, huruka wadudu wa rangi ya manjano, mamia kwa mamia, wakizunguka bila kutua. Hao ni kereng'ende. Watoto huwakimbilia na matawi ya mwarobaini mikononi. Akina mama husema, "Mvua ipo". Na sisi wengine twapita zetu.

Mimi nami nalikuwa mmoja wa hao wapitao, hata siku moja mtoto wa darasa la tano akaniuliza, "Mwalimu, hawa wametoka wapi?" Nalimjibu upesi, kama tufanyavyo walimu tusipotaka kuonekana hatujui, "Wamezaliwa na mvua." Yule mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini, Mwalimu, juma lililopita ulitufundisha ya kuwa buu la kereng'ende hukaa majini majuma mengi kabla ya kupata mabawa. Na mvua hii imeanza kunyesha juzi." Wenzake wote wakanitazama. Nikasema ya kuwa kengele imekaribia kulia, basi turudi katika hesabu. Kengele haikuwa imekaribia.

Aibu ile ilinikumbusha nyingine ya zamani zaidi. Huko Kunduchi yuko mzee mmoja mvuvi, rafiki wa marehemu baba yangu. Nalipokuwa kijana nimetoka chuoni, na cheti changu kikiwa bado kipya, mzee huyu aliniambia ya kuwa kereng'ende hutoka baharini. Alisema amewaona mara nyingi, mbali na nchi kavu, wakipita juu ya tanga, wote wakielekea upande mmoja, na wengine wakitua juu ya foromali kupumzika. Nalicheka. Nalimwambia, "Mzee wangu, kereng'ende ni mdudu wa maji baridi, maji ya chumvi si kwao." Naye hakubishana nami, akaendelea kushona jarife lake.

Basi baada ya swali la yule mtoto nalianza kutafuta habari za mdudu huyu katika vitabu na kwa watu wenye elimu hiyo, na haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata. Ni habari ya jinsi kiumbe kidogo kilivyotambuliwa kidogo kidogo, katika muda wa miaka zaidi ya 200, na watu wa nchi mbalimbali. Na mwisho wake unatuhusu sisi watu wa pwani kuliko nilivyodhani.

Kwanza yatupasa kujua ni nani tunayemsema. Jina la kereng'ende lenyewe lina wenyewe wawili: yuko ndege wa porini wa jamaa ya kwale aitwaye hivyo, na yuko mdudu huyu wa mabawa manne. Tena katika wadudu wenyewe jina hili moja hufunika wengi. Katika Afrika ya Mashariki wamekwisha kuhesabiwa aina zaidi ya 500. Mtu asemaye "kereng'ende" bila kusema ni yupi, ni kama mtu asemaye "samaki" mbele ya wavuvi. Wao watamwuliza, changu au nguru?

Wote hao wana desturi moja ya maisha. Jike hutaga mayai majini au katika majani yaliyo majini. Yai huwa buu, nalo buu hukaa chini ya maji likiwinda. Lina mdomo wa chini mrefu uliokunjwa chini ya uso kama mkono. Windo likikaribia, mdomo ule hukunjuka ghafula ukalikamata. Hula viluwiluwi vya mbu, na viumbe vingine vidogo. Likikomaa hupanda juu ya jani au kijiti, ngozi yake hupasuka mgongoni, na kereng'ende mwenye mabawa hutoka. Aina nyingine hukaa majini miezi mingi, na katika nchi za baridi hata miaka; nyingine hukamilisha kazi hiyo yote kwa majuma machache.

Wajuzi huwagawanya kwa makundi mawili makubwa, na hata mtoto aweza kuyatambua. Kundi la kwanza ni wale wembamba kama uzi, macho yao yameachana, nao wakitua wengi wao hufunga mabawa juu ya mgongo. Katika mifereji ya bustani za mchicha bondeni mwa Msimbazi yuko mmoja mdogo wa kundi hili, mwenye alama ya buluu karibu na ncha ya mkia. Kundi la pili ni wale wanene, macho yao ni makubwa yaliyofunika karibu kichwa chote, nao wakitua huacha mabawa wazi.

Katika kundi hili la pili, msomaji wa viunga vyetu anaweza kuwatambua wanne bila taabu. Yuko mwekundu mtupu, tumbo lake bapa, aketiye juu ya ncha ya tete kando ya dimbwi. Ukimfukuza, hurudi pale pale. Yuko yule apendaye kukaa chini juu ya udongo. Dume lake lina rangi nyeusi, na mabawa yake yana mikanda ya giza. Huyu huwafuata watu na ng'ombe wapitao majanini, si kwa mapenzi, bali kwa kuwa miguu yetu huwashtua wadudu wadogo wakaruka, naye akawala. Yuko wa magharibi, ambaye hujificha mchana, akatoka wakati jua limekwisha kutua. Dume lake lina doa jeupe katika bawa la nyuma. Na wa nne ndiye yule wa manjano, aliyeniletea aibu mbele ya watoto.

Huyu wa nne, alama zake ni hizi. Rangi yake ni manjano kama dhahabu, na dume aliyekomaa huwa na wekundu mgongoni. Juu ya mkia, karibu na mwisho, zimo alama nyeusi. Urefu wa mwili wake haufiki sana sentimeta 5, na mabawa yakinyoshwa ni kama sentimeta 8 toka ncha mpaka ncha. Bawa lake la nyuma ni pana mno pale linaposhikana na mwili, nalo halina doa la giza mahali pale. Wako jamaa zake wafananao naye, lakini wao wana doa hilo. Na alama iliyo kubwa kuliko zote ni mwendo wake: haketi. Huzunguka angani saa nyingi, akiteleza juu ya upepo bila kupiga mabawa kwa nguvu. Akichoka kabisa, hujishika katika kijiti akaning'inia wima kama taa iliyotundikwa, wala haketi juu ya ncha kama yule mwekundu.

Basi, ni nani aliyempa jina la kitaalamu? Hapo mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden alipochapa kitabu chake kikubwa cha viumbe, kila mnyama na kila mdudu alipewa jina la maneno mawili ya Kilatini, ili watu wa lugha zote waweze kuelewana. Alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Johan Christian Fabricius, mtu wa Denmark, aliyeshika hasa elimu ya wadudu. Fabricius ndiye aliyemwandika kereng'ende huyu mwaka 1798, kwa mdudu aliyeletwa kutoka Bara Hindi, akamwita *flavescens*, maana yake, mwenye kugeuka manjano. Baadaye akawekwa katika jamaa iitwayo *Pantala*, na hivyo jina lake kamili hata leo ni *Pantala flavescens*. Msomaji aliweke moyoni hilo neno "Bara Hindi", tutalirudia.

Kwetu huku kazi ya kuwaandika wadudu ilianza kwa wasafiri. Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani aliyetembea Kilimanjaro na pwani yetu, aliuawa mwaka 1865 huko Bardera katika mto Juba. Wadudu waliokusanywa katika safari zake walipelekwa Berlin, na mjuzi aitwaye Gerstaecker akachapa habari zao mwaka 1873. Wakati ule mdudu wa pwani yetu alijulikana kwa mizoga iliyokaushwa na kuchomwa sindano, ndani ya masanduku ya nchi za mbali. Mwaka 1961 Elliot Pinhey, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi na baadaye ya Bulawayo, alichapa kitabu cha kereng'ende wa Afrika ya Mashariki. Na mwaka 2014 wajuzi wawili, Viola Clausnitzer na Klaas-Douwe Dijkstra, walitoa kitabu kinachomwezesha mtu kumtambua kila mmoja wa aina za sehemu zetu hizi.

Kazi hiyo ya kutambua imefundisha jambo moja kubwa, nalo ni hili: kereng'ende walio wengi wana kwao. Huko Ulaya yuko mweusi mdogo aitwaye *Sympetrum danae*, aliyeandikwa mwaka 1776, ambaye hupenda madimbwi ya maji machachu katika nyika baridi na tambarare za mlimani zenye vichaka vifupi; mtu akitaka kumwona, na aende huko. Katika vijito vya baridi vya milima mirefu ya Kenya na ya kaskazini ya Tanzania yuko mmoja wa kundi la wembamba ambaye hashuki pwani hata siku moja. Na katika msitu wa Amani, Usambara ya Mashariki, yuko mwingine mwembamba aliyeandikwa na Pinhey mwaka 1962, akapewa jina la *Amanipodagrion gilliesi*, kwa heshima ya Gillies, mjuzi wa mbu aliyefanya kazi Amani. Huyu hajulikani mahali pengine po pote duniani ila katika vijito vya msitu wa Usambara ya Mashariki. Msitu ule ukikatwa na kijito kikikauka, hana pa kwenda.

Lakini huyu wetu wa manjano hakufuata kanuni hiyo. Ameonekana Afrika, Bara Hindi, Uchina, Japani, Australia na Marekani. Katika kisiwa cha Easter, kilicho peke yake katikati ya bahari ya Pasifiki, ndiye kereng'ende pekee akaaye huko. Katika milima ya Himalaya ameonekana akiruka juu zaidi ya mita 6,000. Basi wajuzi walijua tangu zamani ya kuwa ni msafiri. Philip Corbet, aliyefanya kazi Jinja, Uganda, katika miaka ya 1950, alieleza ya kuwa aina hii hufuata mvua: hufika pamoja nayo, hutaga katika madimbwi mapya ambayo hayana samaki wa kula mabuu, na watoto hukomaa upesi, pengine kwa majuma sita tu, kabla dimbwi halijakauka, kisha nao huondoka kufuata mvua nyingine. Hivyo swali la mwanafunzi wangu lilikwisha jibiwa nusu. Wale wa siku za kwanza za mvua hawakuzaliwa na mvua ile. Walikuja nayo. Lakini walitoka wapi?

Hapa ndipo habari inapohamia kisiwani. Mwaka 1983 mjuzi mmoja wa viumbe vya baharini, Charles Anderson, alifika kufanya kazi katika visiwa vya Maldivi, vilivyo baharini kusini-magharibi ya Bara Hindi. Kazi yake ilikuwa samaki, si wadudu. Lakini aliona ya kuwa kila mwaka, katika mwezi wa Oktoba, mji wa Malé hujaa kereng'ende. Wenyeji walilijua jambo hilo, wala hawakulistaajabia, kama sisi. Yeye alistaajabu kwa sababu moja: visiwa vile ni vya matumbawe, maji ya mvua huzama mara moja, wala hakuna mito, na maji baridi ya juu ya nchi ni machache mno. Kereng'ende wengi namna ile hawakuweza kuwa wamezaliwa pale. Na nchi kubwa iliyo karibu, yaani Bara Hindi, iko mbali kilometa 500 na zaidi.

Anderson alifanya nini? Hakuwa na chombo cha ajabu. Alichukua kalamu akaandika tarehe. Kila mwaka aliandika siku waliyoonekana wa kwanza, na siku walipokuwa wengi, na siku walipotoweka. Akawauliza watu wa Bara Hindi, na watu wa visiwa vya kusini zaidi, na watu wa Shelisheli, nao wakampa tarehe zao. Alipoziweka pamoja, zikapangika kama vituo vya safari: kwanza kusini ya Bara Hindi, kisha Malé katika Oktoba, kisha visiwa vya Maldivi vilivyo kusini zaidi, kisha Shelisheli hasa katika Novemba, umbali wa kilometa 2,700 kutoka Bara Hindi. Na huku kwetu Afrika huonekana kwa wingi pamoja na mvua za mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka.

Kulikuwa na fumbo moja. Katika Oktoba, upepo uvumao juu ya maji huko Maldivi hutoka upande wa magharibi, yaani huwapiga kereng'ende usoni. Mdudu asiyefika hata uzito wa gramu moja atapandaje upepo huo kwa kilometa mamia? Jibu lilikuwa juu. Ukipanda zaidi ya mita 1,000 angani, upepo ni mwingine, nao huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Kereng'ende hupanda mpaka huko juu, akanyosha mabawa yake mapana, akaachia upepo umchukue. Ndiyo sababu ya lile bawa la nyuma lililo pana, ambalo tumeliweka miongoni mwa alama zake: ni tanga lake.

Anderson alichapa habari hizi mwaka 2009. Alikadiria ya kuwa safari nzima, kwenda Afrika na kurudi Bara Hindi, ni kilometa 14,000 mpaka 18,000, na ya kuwa hapana kereng'ende mmoja aimalizaye. Hupokezana vizazi vinne: mmoja huvuka, hutaga katika madimbwi ya mvua huku, hufa, watoto wake huendelea, na wajukuu hurudi Bara Hindi kwa kusi, wakifika pamoja na mvua kubwa za huko. Hakuna aliyewafundisha njia.

Mambo kama hayo hayaaminiwi kwa sababu yamesemwa na mtu mmoja, na ndivyo ipasavyo. Kereng'ende ni mdogo, hawezi kufungwa chombo cha kumfuata bahari nzima. Kwa hiyo wajuzi wengine walitafuta ushahidi kwa njia nyingine. Mwaka 2012 walipima mabawa ya kereng'ende waliokamatwa Maldivi. Bawa huumbwa kwa maji aliyokulia buu, na maji ya mvua ya kila nchi yana alama yake ndogo isiyofutika. Alama za mabawa yale zilielekeza kaskazini ya Bara Hindi. Mwaka 2016 wengine walilinganisha damu, kama tusemavyo, za kereng'ende wa mabara mbalimbali, wakaona wamekaribiana sana, kana kwamba ni ukoo mmoja uoanao duniani kote. Na mwaka 2021 wajuzi wa Lund, huko Sweden, walipiga hesabu ya mafuta aliyo nayo mwilini na pepo za bahari yetu, wakaona safari yawezekana, ila tu upepo uwe mwema. Mwenye kuondoka siku isiyofaa huishia majini.

Msomaji wa pwani, je, habari hii hukuijua tangu utoto wako? Badili jina la kereng'ende, weka jahazi. Kwa muda wa miaka elfu na zaidi, majahazi ya Bara Hindi na ya Arabuni yalishuka pwani yetu kwa kaskazi, katika miezi ya Desemba mpaka Machi, yakatia nanga Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Nayo yakangoja kusi ianze, mnamo Aprili, yapate kurudi. Nahodha aliyechelewa alikaa mwaka mzima. Sultani Majid alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, alitaka bandari ya kupokea vyombo vya pepo hizo hizo. Wadudu walikuwa wakipita juu ya milingoti ile tangu kabla ya mlingoti wa kwanza kusimamishwa. Tena hawaji peke yao. Yuko kozi mdogo, kozi wa Amur, atokaye mashariki ya Asia, ambaye huivuka bahari hii hii katika majira hayo hayo aje kukaa kusini ya Afrika. Na Anderson aliona ya kuwa yamkini njiani huwala kereng'ende. Chakula chake husafiri pamoja naye.

Nilipokwisha kuyasoma hayo, nalikwenda Kunduchi siku ya Jumamosi. Nalimkuta mzee amekaa chini ya mkungu wa ufukoni, macho yamepungua nguvu, hashoni tena jarife. Nalimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa kicheko cha miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa amekwisha sahau kicheko, lakini kereng'ende hakuwasahau. Nikamweleza habari za Maldivi, na za upepo wa juu, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo bwana, alijuaje?"

Nikasema, "Aliandika tarehe, mzee. Kila mwaka."

Akatikisa kichwa. "Mimi niliwaona miaka mingi kumshinda," akasema, "lakini sikuandika. Nanyi mliokuwa na kalamu mlikuwa mkicheka."

Sikuwa na neno la kumjibu, na hata sasa sinalo. Nayaandika haya kwa sababu hiyo. Si kwamba watu wetu hawakuona, waliona. Bali aliyeona hakuandika, na aliyeweza kuandika hakuuliza. Na hivyo habari ya pepo zetu wenyewe imetufikia kwa njia ndefu kupita Maldivi.

Tena jambo hili si la mapambo tu. Mwaka 2014, na mara nyingine mwaka 2019, homa ya dengue iliingia Dar es Salaam, na mwaka ule wa 2014 Kinondoni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata wagonjwa wengi. Homa hiyo huletwa na mbu wa mchana. Huko Yangon, nchi ya Burma, wajuzi waliwahi kuweka mabuu ya kereng'ende mwekundu, ndugu wa karibu wa yule mwekundu wa madimbwi yetu, ndani ya mitungi ya maji ya nyumbani, watu wa mtaa wenyewe wakisaidia, na mbu hao wakapungua sana. Habari hizo zilichapwa mwaka 1990. Lakini mtu asidhani ya kuwa kereng'ende wa kiwanjani watatuondolea mbu. Mbu wa dengue hupenda makopo, matairi mabovu na vifuu vya nazi, mahali ambapo kereng'ende hatagi. Kopo la uani pako, limwage mwenyewe. Katika dimbwi la wazi, hata hivyo, buu la kereng'ende ni mwindaji mwema, nasi tumwagapo mafuta machafu ya gari katika mifereji ya Msimbazi na Kizinga twamwua mwindaji huyo, wala hatuoni.

Mwanafunzi wangu alijibiwa mbele ya darasa zima. Nalimwambia ya kuwa swali lake lilikuwa la haki, na jibu langu halikuwa. Tangu siku ile darasa lina daftari moja, jalada lake la buluu, linalokaa juu ya kabati. Ndani yake huandikwa mambo matano: tarehe waliyoonekana kereng'ende wa manjano mara ya kwanza; mahali; upepo ulitoka wapi; mvua ilianza lini; na wangapi, kwa makadirio, wachache au kundi. Anayeandika huweka sahihi yake, na mwenzake aliyeona pamoja naye huweka yake, ili tusije tukaandika uvumi. Mwaka wa kwanza mtoto mmoja aliandika wa manjano kumbe ni yule mwekundu asiyekomaa, ambaye jike lake na vijana wake nao ni wa manjano; basi tulifuta, tukajifunza kutazama kwanza jinsi anavyokaa.

Nawasihi walimu wenzangu, na wavuvi, na akina mama wa bustani za mabondeni, mfanye vivyo hivyo. Daftari la bei ndogo latosha. Mwaka mmoja hautasema kitu. Miaka kumi itasema. Na ikiwa katika kijiji chako yuko mzee adaiye kuwa ameona jambo ambalo kitabu chako hakilisemi, usimcheke. Vuta kigoda, uliza ni mwezi gani, na upepo ulitoka wapi, ukaandike.